Kilomita ama Asilimia? Soma Hii Kabla Uweke Gari Yako Chini ya Kampuni ya Mtu

Hii inakuhusu kama uko na gari ya kazi, ama unapanga kuchukua moja kwa mkopo, na hiyo gari itachapa kazi chini ya jina la mtu mwingine. Inaweza kuwa Vitz ya apu inayolala kando ya geti pale Nyayo Highrise. Inaweza kuwa Canter ya kuhamisha watu nyumba huko Kawangware, ama kichwa cha lori cha kuvuta kontena kutoka Mombasa. Mpangilio ni ule ule tu. Logbook ni yako, mkopo ni wako, tairi ni zako, lakini mteja ni wa kampuni. Kampuni inapokea pesa kwanza, alafu inakugawia.

Na kuna njia mbili kubwa za kukugawia. Ya kwanza, unalipwa kwa kila kilomita umeendesha. Ya pili, unapewa asilimia ya kile mteja amelipa. Kuna ya tatu, kulipwa kwa tani, na hiyo tutaigusa huko chini kwa sababu iko na mambo yake.

Wasee huuliza gani inalipa vizuri. Hilo swali halina jibu moja, na mtu akikupa jibu la haraka jua anakuuzia kitu. Swali lenye jibu ni hili: mambo yakienda mrama, nani anaumia? Bei ya soko ikianguka, mafuta yakipanda, foleni ikikushika siku tatu, kuna mtu lazima ale hiyo hasara. Njia ya kulipwa ndio inaamua ni nani. Na kama ni wewe, na ulichukua gari kwa logbook, auctioneer hatakuuliza kama ulikuwa unalipwa kwa kilomita.

Asilimia ya nini, hasa?

Wacha tuanze na teksi za apu juu karibu kila mtu Nairobi amepanda moja, na juu hiyo ndio shule kubwa zaidi ya asilimia tumewahi kuwa nayo hapa Kenya.

Uber iliingia Nairobi mwaka wa 2015. Kabla hapo teksi ya mtaa ilikuwa ni maneno yako na ya dereva: anataja bei, unashtuka, mnashikana kwa bei ya katikati. Uber ikaleta kitu tofauti. Bei inapangwa na apu, dereva anabaki na asilimia 75 na kampuni inakata 25. Siku za kwanza wasee waliomoka. Watu waliacha kazi za ofisi, wakachukua mikopo, wakanunua magari.

Alafu Julai 2016 Uber ikashusha bei ya safari Nairobi kwa asilimia 35. Taxify, ile ambayo sasa inaitwa Bolt, na Little zilikuwa zinaingia soko mwaka huo huo, so vita ya bei ilikuwa imeanza.

Angalia kitu gani ilifanyika hapo. Komisheni haikuguswa. Ilikuwa 25, ikabaki 25. Ukisoma mkataba hakuna mahali asilimia yako imepungua. Lakini chukua safari ya shilingi 1,000. Kabla ya kukatwa, dereva anabaki na 750. Baada ya kukatwa, hiyo safari ni 650, na dereva anabaki na 487 na cents 50. Barabara ni ile ile, mafuta ni yale yale, foleni ya Mbagathi Way ni ile ile.

Na ujue hata kama kampuni ingesema haitaki komisheni kabisa, yani sufuri, bado dereva angepata 650. Hiyo ni chini ya ile 750 alikuwa anapata akikatwa robo nzima. Hapa ndipo watu wengi huwa hawaoni. Wanapigania asilimia, na asilimia ni nusu tu ya stori. Nusu ile ingine ni nani anapanga bei ambayo asilimia inakatwa kwayo. Kama si wewe, na hauna sauti, basi 75 yako inaweza kuwa kitu chochote.

Kundi la wenye magari lilienda kortini 2016 juu ya hiyo mambo, kesi ya Kanuri Limited na wengine 34 dhidi ya Uber Kenya. Mojawapo ya hoja ya upande wa pili ilikuwa kwamba mkataba ni wa kampuni ya Uber iliyo Uholanzi, si ya Kenya. Mwaka wa 2021 High Court ilikataa Uber Kenya itoke kwa kesi kwa njia hiyo. Miaka mitano, msee, kuamua tu kama mtu sahihi ndiye ameshtakiwa. Weka hiyo kwa akili ukiwa unasaini kitu ambacho hujui mwenye kampuni ako wapi.

Serikali nayo ikaja 2022 na kanuni za NTSA za kampuni za usafiri wa apu. Kitu kubwa ndani ilikuwa komisheni isizidi asilimia 18. Kukawa na vuta nikuvute. Oktoba 2023 NTSA ilisema haitarudishia Bolt leseni mpaka imalize mambo ya komisheni na ile ada ya ziada ya booking ambayo madereva walikuwa wanalalamikia. Hiyo ada ni somo nyingine: mtu anaweza kukuambia komisheni ni ndogo, alafu anakata kitu kingine pembeni kwa jina tofauti. Ukipiga hesabu, piga ya pesa yote iliyotoka kwa mteja na pesa yote iliyoingia kwa simu yako. Majina ya makato wachia wenyewe.

Kutoka 25 hadi 18 ni pesa ya ukweli, hakuna kuringa. Kwa safari ya 700 ni tofauti ya shilingi 49. Lakini cheki hii hesabu. Tuseme uko Kawangware, unaitwa Highrise, kilomita 4. Unabeba mteja kilomita 16 hadi upande wa airport, analipa 700. Huko hupati mtu wa kurudi naye, unarudi bila mtu, kilomita zingine 16. Jumla umeendesha 36. Gari ndogo kwa foleni ya Nairobi tuseme inakupa kilomita 12 kwa lita, so umechoma lita 3. Lita ikiwa 180, hiyo ni 540.

Ukikatwa 25, unabaki na 525. Umepata hasara ya kumi na tano na hujakula. Ukikatwa 18, unabaki na 574. Faida ni shilingi 34. Sheria imekutoa kwa hasara ikakuweka kwa bei ya chai na mandazi. Kilichokuua hapo ni zile kilomita 20 ambazo hakuna mtu alilipia, na kanuni haikuzigusa.

Ndio maana Julai 2024 madereva waligoma, na mgomo ulipoisha wengi wakaanza kubeba karatasi yenye bei yao wenyewe. Hiyo karatasi ilitoka kwa chati ya AA of Kenya, ile ambayo maofisi hutumia kulipa mfanyakazi akitumia gari yake kwa kazi. Chati ya AA inaangalia ukubwa wa injini na inakupa gharama kwa kilomita, na ndani yake kuna gharama za kutembea kama mafuta na tairi, pamoja na zile zinakukula hata gari ikiwa imeegeshwa, kama bima na gari kupoteza thamani. Abiria walikasirika, apu inasema bei moja na dereva anasema ingine. Lakini ukiangalia poa, kitu wale madereva walikuwa wanafanya ni kutoka kwa asilimia kuingia kwa kilomita. Walikuwa wanasema: usinigawie bei yako, nilipe gharama yangu.

Sasa twende kwa lori

Kwa malori neno "kilomita" linaanza kuwa na maana kubwa kwa sababu umbali ni mrefu. Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 485. Kampuni kubwa ya usafirishaji haina malori ya kutosha siku zote, so inachukua ya watu binafsi. Wewe unaleta lori na dereva, wao wanaleta kontena. Tutapiga hesabu na nambari za mfano tu, usiende nazo ofisini kwa mtu ukisema ndio bei ya soko.

Tuseme mteja analipa kampuni 130,000 kuleta kontena moja Nairobi. Ofa ya kwanza: unapewa asilimia 80, ambayo ni 104,000. Ofa ya pili: 105 kwa kilomita, kwenda na kurudi, kilomita 970. Hiyo ni 101,850. Karibu sawa, si ndio? Msee wa ofisi atakuambia chagua tu yenye unapenda.

Toa mafuta kwanza. Lori likiwa na mzigo tuseme kilomita 2 kwa lita, likiwa tupu kilomita 3. Kupanda na mzigo ni lita 242 na nusu, kushuka tupu ni kama 162. Jumla karibu lita 404. Dizeli ikiwa 170 hiyo ni 68,680. Kwa asilimia unabaki na 35,320, kwa kilomita 33,170. Hapo hujalipa dereva, hujaweka ya tairi, hujaweka ya benki.

Sasa soko linaanguka. Meli zimepungua, malori yamejaa Miritini yakitafuta kazi, mteja anasema atalipa 100,000. Kwa asilimia unapata 80,000, ukitoa mafuta ni 11,320. Dereva akichukua yake hapo, umefanya kazi ya kufurahisha benki. Yule wa kilomita bado ako na 33,170, hajui hata kama bei imeshuka.

Alafu soko linapanda. Mzigo ni mwingi, mteja ako tayari kulipa 160,000. Wa asilimia anapata 128,000, anabaki na 59,320. Wa kilomita? 33,170. Na hiyo tofauti yote iko kwa akaunti ya kampuni.

Kwa hivyo kilomita ni kama kuajiriwa: inakukinga mbaya ikija, na inakunyima nzuri ikija. Asilimia ni kama kuwa na biashara. Na soko letu la barabara huwa linapanda na kushuka vibaya, mara nyingi kwa uamuzi wa mtu mmoja ofisini. 2019 serikali ilisema mizigo yote ya kuja Nairobi ipande SGR, Mombasa ikawaka maandamano, Oktoba amri ikasimamishwa. Septemba 2022, Rais Ruto akiwa ameapishwa tu, akasema shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Kama ulikuwa umenunua lori katikati ya hizo tarehe, unajua hakuna asilimia ingekuokoa mzigo wenyewe ukiwa kwa treni.

Lakini rudi kwa ile ofa ya kilomita. Nilisema "kwenda na kurudi". Sasa chukua mkataba ulioandikwa "kilomita za mzigo" tu. Mzigo mwingi wa barabara yetu unapanda kutoka bandarini. Kushuka, malori mengi yanarudi na kontena tupu ama bila chochote. Kilomita za mzigo ni 485. Mara 105 ni 50,925. Mafuta yako ni 68,680. Umepoteza 17,755 kwa safari moja, na mkataba bado unasema 105 kwa kilomita, bei poa kabisa ukiisoma haraka. Neno moja tu. Hiyo ndio sababu ya kuuliza kila mara: kilomita za nani, zimepimwa na nani, kutoka wapi hadi wapi? Kilomita za ramani, za GPS ya kampuni, ama za dashibodi yako? Lori likipelekwa kwanza ICD alafu godown ya Industrial Area alafu kurudisha kontena tupu, hizo zote zinahesabiwa?

Mafuta yanaweza kukugeuka

EPRA hutangaza bei mpya ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi. Septemba 2023, miezi miwili baada ya VAT ya mafuta kutoka 8 hadi 16, dizeli Nairobi ilivuka 200. Weka 200 kwa hesabu yetu: lita 404 ni 80,800. Yule wa kilomita ambaye alikuwa anajidai ako salama sasa anabaki na 21,050 badala ya 33,170. Kilomita haikukingi na mafuta, labda mkataba useme bei kwa kilomita itapanda EPRA ikipandisha.

Wa asilimia naye hajaokoka moja kwa moja. Kampuni ikiongeza mteja pesa ya mafuta, swali ni kama hiyo nyongeza inaingia kwa ile pesa unagawiwa ama wanaiweka pembeni. Lori ni lako na mafuta umenunua wewe, so nyongeza ya mafuta inafaa kuja kwako yote, si hata asilimia 80. Kampuni ikikataa hiyo, mimi ningeondoka hapo.

Na kuna kungoja. 2020 wakati wa corona, malori yalikaa Malaba kwa foleni ya kilomita na kilomita, siku kadhaa, madereva wakingoja majibu ya vipimo. Mtu wa kilomita hapo anapata nini? Gari haitembei, hakuna kilomita, hakuna pesa. Mtu wa asilimia hapati kitu cha ziada pia, lakini kama kampuni inatoza mteja pesa ya kucheleweshwa, anaweza kudai sehemu yake. Anaweza, ikiwa imeandikwa. Mwenye lori mwenye akili huweka hii: siku ya kwanza bure, kuanzia ya pili ni kiasi fulani kwa siku, iwe ni kilomita ama asilimia.

Kwa tani je? Saruji, mchanga, nafaka, hizo mara nyingi zinalipwa kwa tani. Hapa shida ni kwamba unajaribiwa kujaza. Sheria ya Afrika Mashariki ya uzito inaruhusu mpaka tani 56 kwa gari ya ekseli saba, lori na mzigo pamoja, na KeNHA wana mizani Mariakani, Athi River, Gilgil, Webuye. Ukishikwa umezidisha, faini inaangukia lori, na lori ni lako. Kampuni iliyokuambia ongeza kidogo haitakuwa hapo kwa mizani.

Wale wa majuu

Lazima kuna mtu unamjua anaendesha trela Marekani. Wakenya wako huko wengi kwa hiyo kazi, na wengine wamenunua vichwa vyao na kuviweka chini ya kampuni. Wao huishi na hili swali kila wiki, so kuna vitu tunaweza kuiga.

Huko kuna kanuni za serikali kuu zinaitwa Truth in Leasing. Zinasema mkataba wa kukodisha lori lazima uandikwe, na ueleze wazi malipo yanapigwaje, iwe ni asilimia, ni kwa maili, ama njia nyingine. Ukishaleta karatasi za safari, kampuni inafaa kukulipa ndani ya siku 15. Na hii ndio nzuri zaidi: kama unalipwa kwa asilimia, lazima wakuonyeshe nakala ya karatasi inayoonyesha mteja alitozwa ngapi. Wanaweza kuficha jina la mteja, lakini pesa lazima uione. Hata ukiwa unalipwa kwa njia nyingine, uko na haki ya kuangalia bei walizotoza.

Fikiria hiyo hapa kwetu. Msee anakuambia unapata 80 ya kile mteja amelipa. Hujawahi kuona invoisi. Unajuaje si 80 ya nambari ametunga? Kama mteja analipa 160,000 na wewe unaambiwa 130,000, ile 80 yako ni kama asilimia 65 ya ukweli. Asilimia bila invoisi si asilimia, ni bei tu mtu ameamua kukupa.

Huko pia wana ujanja wa maili. Kuna maili zinazopimwa kutoka mji hadi mji kwa ramani fupi, kuna zinazofuata barabara ambayo lori linaweza kupita kweli, na kuna zile za tairi zenyewe. Kampuni nyingi hulipa kwa zile fupi. Maili chache kwa kila safari zinaonekana kitu kidogo mpaka ujumlishe mwaka. Na soko lao pia halina huruma: 2021 bei za mizigo zilipaa, wenye asilimia wakacheka. Kutoka 2022 zikaanza kuteremka, na kuna walionunua vichwa kwa bei ya juu wakati wa raha ambao walivirudisha.

Kwa hivyo ukae wapi?

Maoni yangu, chukua ama uache. Asilimia ni ya mtu ambaye anaona invoisi, anaweza kukataa kazi mbaya bila kufungiwa, na ako na akiba ya kumshikilia miezi miwili soko likiwa baya. Ukikosa moja kati ya hizo tatu, asilimia itakuchapa. Madereva wa apu walikuwa wanaiona bei, lakini kukataa safari kulikuwa na adhabu, na akiba hawakuwa nayo, juu gari ilikuwa ya mkopo.

Kilomita ni ya mtu ambaye ako na njia moja ya kudumu, kwa mfano kupeleka bidhaa za kiwanda kimoja kila wiki, na mkopo wa kulipa tarehe ileile kila mwezi. Lakini kilomita tupu zihesabiwe, hata kama ni kwa bei ndogo kuliko za mzigo, na bei isongeshwe na EPRA. Bila hizo mbili usiguse.

Kuna pia mchanganyiko ambao naona unafaa watu wengi, na wenye malori wengine huuomba: asilimia, lakini na sakafu. Yani unapata 80 ya invoisi, lakini haiwezi kushuka chini ya kiasi fulani kwa kilomita, kwenda na kurudi. Kwa mfano wetu, weka sakafu ya 90. Mara 970 ni 87,300. Bei ikianguka hadi 100,000, badala ya 80,000 unapata 87,300. Kampuni inabaki na kidogo hiyo wiki, lakini lori lako halijasimama, na wiki mzigo ukirudi bado wako na lori. Ukiwaeleza hivyo, wengine husikia.

Ile Canter ya Kawangware usidhani haihusiki. Broka wa kuhamisha nyumba anayekuletea kazi na kuchukua asilimia 20 ni kampuni ya usafirishaji tu bila ofisi. Muulize mteja amelipa ngapi. Mara nyingi unaweza kumuuliza mteja mwenyewe, ako tu hapo mbele amekalia godoro.

Kitu moja bado, na hii inauma wale wa kilomita na wale wa asilimia bila kubagua. Ni siku za kulipwa. Kampuni nyingi zitakuambia siku 30, zingine 60, juu na wao wanangoja mteja. Piga hesabu: safari moja kwa wiki, siku 60 ni kama safari nane. Mafuta ya safari nane kwa 68,680 ni 549,440. Hiyo ni pesa unafaa kuwa nayo mkononi kabla uone shilingi ya kwanza, mbali na dereva na mkopo. Hapo ndipo kampuni inakuambia usijali, lori lijaze mafuta kwa petroli stesheni yetu, tutakata kwa malipo. Inasaidia, na wengi hawana njia ingine. Lakini kila dereva wako akijaza, apige picha ya pampu na risiti akutumie saa hiyo hiyo kwa WhatsApp. Mwisho wa mwezi ukiletewa karatasi ya makato, linganisha lita kwa lita, na uangalie wamekukata kwa bei gani kwa lita, ile ya EPRA ama yao.